Mama, Haikuwa Shayiri

Mama,

Nimeketi kwenye meza yako karibu na dirisha, nimeazima kalamu ya kaka Mutwiri. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho ulichofundishwa kuandika kwenye masomo ya ngumbaru, ukiwa mtu mzima mwenye watoto wawili na shamba la kulima. Barua zetu zote zilikuwa za Kiswahili, ingawa uso kwa uso hatukuwahi kuulizana hata habari ya asubuhi kwa lugha hiyo. Kimeru changu cha kuandika ni kibovu. Ungekisoma ungecheka mpaka ushike mbavu.

Leo ni Alhamisi, wiki ya sita tangu tukuzike. Habari za hapa ni hizi. Ng'ombe amezaa ndama jike, na kaka yangu amekataa kumpa jina kwa sababu majina ulikuwa ukitoa wewe. Bomba la maji la upande wa chini lilipasuka, likarekebishwa. Kitinda mimba wa Mutwiri bado analala na leso yako, na anayejaribu kuifua anakiona. Mimi nimeomba ruhusa kazini Embu nikaja kukaa nao. Kila asubuhi naamka nikisikiliza kama umeshawasha moto. Halafu nakumbuka.

Sasa nikuambie kilichonikalisha hapa. Juzi alikuja Mama Karimi, rafiki yako tangu mkiwa wasichana, aliyechukua uenyekiti wa akina mama kanisani ulipouacha. Hakuja kulia. Alikuja na mpango.

"Tumekubaliana tumkumbuke mama yako," akasema. "Kila mmoja wetu ametenga kipande cha shamba apande hiyo bare yenu. Ile ya mama ilikosa tu maji, na saa hii maji iko. Wewe ndio umeisomea. Jumamosi ukuje utuonyeshe vile inapandwa."

Nikasema nitakuja. Ndivyo nilivyo, Mama, mdomo wangu hukubali kabla ya kichwa. Alipoondoka, Mutwiri akaniambia Mama Karimi amekwisha kung'oa mistari miwili ya migomba, migomba iliyokuwa karibu kubeba, ili kunitengenezea nafasi. Wengine wanangoja tu waone ya kwake itakavyopandwa.

Mama, mimi sijui kulima hiyo bare, hiyo shayiri. Sikuisomea hata siku moja.

Najua unavyoikumbuka siku ile. Nilikuwa nimemaliza shule ya bweni. Kule shuleni mke wa mwalimu wetu wa hesabu, Mwingereza mmoja mwembamba, alikuwa akitufundisha dansi ya kwao kila Jumamosi. Tulikuwa tukisukuma madawati ukutani, tunavua viatu. Huitwa balei, dansi ya kunyoosha mgongo, kugeuza miguu nje na kusimama kwa ncha za vidole, na kila hatua ina jina la Kifaransa. Wenzangu walikuja kwa sababu ya biskuti. Mimi biskuti nilikuwa nasahau kuchukua. Sijui nikuelezeje. Nilikuwa msichana mrefu, mzito wa maneno, wa kuangusha vikombe, na mle ukumbini nilijua mkono wangu uko wapi na mguu wangu uko wapi. Yule mama akaandika barua kwao, akanipatia nafasi.

Wewe ulikuwa jikoni unachambua ndengu. Nikakuambia nimepata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea balei. Ulimi wa kwetu hautenganishi l na r, nawe ukainua macho ukauliza, "Bare? Hiyo ya Timau?" Mjomba alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya huko, na kila Krismasi alitusimulia jinsi bare, yaani shayiri kwa Kiingereza chake, inavyofunika mlima mzima. Uso wako ulifunguka, Mama. Ulisahau ndengu. Binti yako alikuwa anakwenda ng'ambo kusomea kilimo.

Neno moja lingetosha, na nilikuwa nalo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuiona ile nguo ya kubana. Nilijua kanisa letu lingesema nini juu ya msichana anayeinua mguu mbele ya wanaume, na nilijua mwenyekiti wa akina mama ni nani. Nikajiambia nakukinga na aibu. Nikajibu, "Ndiyo, hiyo." Jumapili yake wazee wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea shayiri.

Basi ngoja nikuambie kazi niliyofanya. Umechelewa kusikia kwa sababu nimechelewa kusema.

Shule yenyewe ilikuwa na madirisha makubwa na baridi isiyo na adabu. Kila asubuhi tulikuwa tukishika mti mrefu uliopigiliwa ukutani, tunakunja magoti na kuyanyoosha, saa mbili nzima. Mti huo, usicheke, jina lake ukilitamka ni bare. Kwa hivyo ulipoandika "Mwanangu Makena, hiyo bare inaendereaje?" nikakujibu kwamba nashinda kwenye bare tangu asubuhi, nilijiona mjanja sana. Maswali yako yalipozidi nilikwenda maktaba. Ulitaka kujua inakomaa kwa miezi mingapi, ndege wanaila, inavunwa kwa panga au kwa mkono. Nilisoma. Nilijua magonjwa ya shayiri kuliko nilivyojua barabara za mji ule.

Baadaye nikachukuliwa na kundi dogo lililokuwa likizunguka mikoani. Sikuwahi kuwa wa mbele, Mama. Nilikuwa wa safu ya nyuma, mmoja wa wasichana kumi na sita wanaoinua mkono mmoja kwa pamoja. Walikuwa wakinipaka poda nyeupe shingoni na mikononi ili nisikatize safu, na jasho likianza poda ilikuwa ikitiririka. Nilikuwa naoga nikilia, halafu kesho yake natamani kurudi. Kuna wakati muziki unashuka, ukumbi wote unanyamaza, na wote kumi na sita mnavuta pumzi moja. Kwa ajili ya pumzi hiyo nilivumilia miaka tisa. Hilo ndilo nililotaka kukuandikia kila mara, na badala yake nikakuandikia habari za mbolea.

Sasa lile baya zaidi. Uliniomba mbegu. Barua tatu mfululizo uliniomba. Vitabu vilikuwa vimeniambia shayiri inapenda baridi, na Mitunguu yetu najua joto lake, hasa wakati ule kabla maji hayajaletwa. Ningeweza kuandika kwamba haitafaa. Lakini tulikuwa na onyesho jipya, nilikuwa nimechoka, na nilijua "haitafaa" italeta maswali mengine kumi. Nikanunua mfuko mdogo, nikampa mwanafunzi mmoja wa Chuka aliyekuwa akirudi nyumbani. Nilikutumia mbegu ili uninyamazie. Ndiyo hivyo, sina namna nzuri ya kulisema.

Uliipanda mahali pa mwere, mawele yetu ya chakula. Barua yako ninayo hapa: "Bare iriota vizuri, arafu jua rikaichoma. Si makosa yako. Ardhi yetu ndiyo haikukubari." Mutwiri aliniambia miaka mingi baadaye kwamba msimu ule mlikula kwa Mama Karimi. Mwaka huohuo ukaandika kwamba umeacha uenyekiti wa akina mama kwa sababu ya uchovu. Nikafikiri ni kweli. Ulikuwa unalima sana.

Nilipokuja likizo ya kwanza uliona miguu yangu. Nilijaribu kubaki na soksi, lakini wewe hukuwahi kumruhusu mgeni alale na vumbi la safari. Ukaleta karai. Kucha mbili zilikuwa nyeusi, moja haikuwepo, na vidole gumba vilikuwa vimepinda. Ulipasha mafuta ya mbarika ukanikanda kidole kimoja kimoja bila kusema, mpaka ulipofika kidole cha mwisho. "Hiyo ni shamba gani inakula vidole?" ukaniuliza. Nikasema ni gumbuti za shambani, zilikuwa ndogo. Uliamini. Ulipoondoka kumwaga maji nilisikia unanung'unika peke yako juu ya Wazungu wasiojua kipimo cha mguu.

Goti la kulia likavunjika mbele ya watu, katika mji ambao hata jina lake silipendi. Halikupona sawasawa. Nikarudi, nikapanga chumba Nairobi, nikawa nafundisha watoto wa matajiri kusimama wima. Niliona kazi yangu imekwisha kabla hujaijua, na hata kukulilia singeweza, maana ningekuambia nalia nini?

Ndipo mwelekezi mmoja wa michezo ya kuigiza akaniita. Alikuwa na mchezo wenye nyimbo, kisa cha wanawake waliofungiwa njia ya kwenda mtoni, na waigizaji wake walikuwa wakiimba wamesimama kama watu wanaongoja kuitwa hospitali. Akataka niwachezeshe. Wiki mbili niliwafundisha niliyoyajua, mikono laini, vidole vimenyooka. Walikuwa kichekesho. Msichana mmoja akaniambia kwa heshima, "Madam, hawa ni wamama wa mtoni, si malaika." Nikakasirika, nikatoka nje. Huko nje nikakukumbuka wewe ukipanda kutoka mtoni na pipa mgongoni, kamba kwenye paji la uso, shingo imekaza, nyonga zinafanya kazi yote na kichwa hakitikisiki. Nikarudi ndani nikainama, nikatembea hivyo mbele yao na goti langu bovu. Nikawafundisha mwendo wako, Mama. Wanawake wanane wakapanda jukwaani wakitembea kama wewe, kisha wakageuka mara moja, wakatua mizigo na kuigonga sakafu. Watu walisimama vitini.

Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, kupangia michezo ya nyimbo dansi zake. Nimepanga mingi. Wanaponisifu husema nina jicho langu mwenyewe. Jicho gani? Nimekuwa nikichukua kwako. Unavyopepeta, unavyofunga kuni, unavyokaa chini kwa vituo viwili ukiwa umechoka. Nimekuvalisha nguo za watu wengine nikakupandisha jukwaani, na wewe mwenyewe sikukualika hata mara moja. Ulipouliza niko kazi gani sasa, nilisema napanga watu. Ukanishauri niwapange kwa mstari mnyoofu, kwa sababu bare haipendi kubanana.

Mwaka jana mchezo wangu ulifika Embu, ambako nimehamia kufundisha. Mutwiri alikuwa tayari kukuleta uone ofisi yangu. Nikasema kuna mkutano na ukumbi umejaa. Hukuja. Ulimpa mikungu miwili mikubwa ya ndizi, ya wafanyakazi wangu. Waigizaji walizila nyuma ya jukwaa wakiuliza ni nani huyu mwenye moyo hivi. Nikawaambia ni mama yangu, yuko mbali. Ulikuwa Mitunguu, Mama. Ni mwendo wa asubuhi moja.

Kisha presha ikakuangusha, na mazishini msomaji wa wasifu wako akatangaza kwamba umeacha binti mtaalamu wa shayiri. Nilikuwa nimesimama karibu na jeneza. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni huzuni.

Naitwa kunywa chai. Jumamosi ni keshokutwa na sijui nitasema nini.

Ni Jumapili, baada ya ibada. Nilienda.

Walikuwa kumi na mmoja, na majembe, wamevaa vitambaa vya kichwa vya akina mama wa kanisa kana kwamba ni sherehe. Pale migomba ilipokuwa udongo ulikuwa umelainishwa vizuri, nikaona aibu hata kuukanyaga. Mama Karimi akaomba sala, akamaliza, akanigeukia. Nikawaambia. Sikuzunguka sana. Nilisema sikusomea bare, nilisomea dansi, kwamba mama alisikia vibaya na mimi nikamwacha, na kwamba ile mbegu niliituma nikijua itakufa. Nilisema wasipande.

Kisha mmoja akauliza dansi ni ya aina gani. Nilitafuta neno la Kimeru nikapata la ngoma tu, nikasema ni kama ngoma ya Wazungu, ya kusimama kwa vidole. Mwingine akataka kujua kama niliolewa huko. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kuna aliyeniaga na kuna ambaye hakuniaga.

Mama Karimi alibaki. Aliketi kwenye shina la mgomba ulioanguka, akaweka jembe magotini. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Badala yake akaniambia jambo ambalo wewe uliwaapisha wote, na Mutwiri pia, wasiniambie.

Kumbe hukuacha uenyekiti kwa uchovu. Mwaka ule wa mbegu alikuja mchungaji mgeni, mkali kuhusu pombe. Akapita hapa akaona shayiri yako changa. Akauliza ni nini, ukamwambia kwa fahari. Akakuuliza kama unajua bia hutengenezwa na nini. Jua lilipoikausha, alisema madhabahuni kwamba Mungu mwenyewe ameiunguza. Halafu akakuita mbele ya wazee akakutaka uniandikie niache kazi ya kulima pombe, la sivyo uvue kitambaa.

"Unajua mama yako alisema nini?" Mama Karimi akaniuliza. "Alisema, 'Hii kazi mtoto wangu anaipenda, hata kwa barua inaonekana. Mimi siwezi mwambia aache. Kama ni kunitoa, nitoeni.'"

Wakakutoa. Miaka miwili ulikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, bila kitambaa, huku wengine wakishiriki meza ya Bwana. Uliporudishwa, uenyekiti haukurudi. Na ulisema nisiambiwe, nisije nikaacha kazi kwa ajili yako.

Wewe, Mama, ambaye hata soda iliyochacha hukuonja.

Nimekaa na jambo hili tangu jana na halinipi nafasi ya kupumua. Nilinyamaza ili kanisa lisikuaibishe. Likakuaibisha, kwa kitu ambacho hakikuwepo, na ukakisimamia hata hivyo kwa sababu ulidhani nakipenda. Kama ulisimama mbele ya wazee kwa ajili ya pombe, ungeshindwa kusimama kwa ajili ya dansi? Labda ungeshindwa. Labda ungelia, ungenifungia mlango. Lakini nilikunyima nafasi ya kuchagua, na hilo siwezi kulirekebisha nikiwa hai wala nikifa. Nisamehe. Nakuomba unisamehe, na najua hakuna jibu litakalokuja.

Mama Karimi aliinuka, akanikabidhi jembe lake. "Miche ya migomba utaleta wewe," akasema, "na mashimo utachimba wewe." Kesho naanza. Goti litalalamika, acha lilalamike.

Na hili nakuahidi. Leo nimezungumza na mchungaji wa sasa, kijana mpole, amekubali kunipa muda Jumapili ijayo. Nitasimama mbele na kusema uliadhibiwa kwa uongo wangu. Nitataja kazi yangu kwa jina lake, na nitasema kila aliyenipigia makofi alikuwa akikupigia wewe bila kujua. Nitaomba waandike kwenye kitabu chao kwamba hukuwa na kosa. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, au wakisema nami nitoke, sitatoka. Nitakwenda kukaa kile kiti cha nyuma karibu na mlango, miaka miwili kamili, kila Jumapili nikitoka Embu, nijue uliona nini kutoka pale.

Pumzika, Mama yangu.

Mwanao,
Makena